Kivuli Kando ya Mzoga

Chumvi alipoacha kupiga mbawa na kujiachia juu ya hewa ya moto, watoto thelathini na wanne wa darasa la sita walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwalimu Tusekile Mbwilo aliusikia ukimya huo sikioni mwake, ingawa yeye alikuwa kilomita arobaini kutoka shuleni, ameketi ndani ya gari la watafiti katikati ya pori la Isawila, miwani usoni na daftari mapajani.

"Mnahisi nini?" akauliza.

"Tumbo limebaki chini, madam," alijibu Festo, mtoto aliyekaa dawati la mbele na ambaye hakuwahi kuacha swali lipite. Wenzake wakacheka.

"Hiyo ni hewa iliyopata joto kwenye mawe. Inapanda, na Chumvi anapanda nayo bila kutumia nguvu. Hesabuni. Atakaa sekunde ngapi bila kupiga mbawa?"

Wakaanza kuhesabu kwa sauti. Walifika mia mbili na kumi.

Chumvi alikuwa tumbusi jike mwenye mgongo mweupe, na jina hilo alipewa na darasa hilohilo. Nyuma ya jicho lake, chini ya ngozi, kulikuwa na kifaa ambacho kila mtu alikiita punje, kwa sababu kililingana na punje ya mtama. Punje ilichukua kile ambacho jicho na misuli ya ndege vilipeleka kwenye ubongo, ikakirusha kwenye puto lililoelea juu ya pori, na puto likakirusha shuleni. Mtoto aliyevaa miwani aliona alichokiona tumbusi, akahisi mwili ukiegama na upepo ukimpiga kifuani. Maumivu hayakupita. Wala hakuna kilichopita kwenda upande wa pili. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia ndege ageuke, ashuke au akimbie.

Ilikuwa wiki ya tatu ya mwezi wake wa pori. Miaka hiyo kila mwalimu wa sayansi alitumwa mwezi mmoja kwa mwaka kufanya kazi na watafiti, kazi ya mikono, si ya kutembezwa. Tusekile alikuwa ameshapima makinda kwenye mizani, ameshapanda ngazi ya kamba hadi kwenye viota, na siku ya pili kabisa tumbusi alimtapikia shati zima. Dkt. Mushobozi, kiongozi wa utafiti, alimpa maji na sabuni akamwambia kwamba sasa ni mtafiti. Darasa liliona picha ya shati hilo, na kwa siku tatu hakuna somo lililoendelea bila mtu kuitaja.

Haikuwa rahisi kuwapata wazazi wakubali. Katika mkutano wa kijiji, mama mmoja alisimama akauliza, "Hilo jicho likipita juu ya uwanja wangu nikiwa naoga, nitafanyaje?" Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa kuwa swali lilikuwa la kweli. Ndipo kikawekwa Kifutio. Kabla picha haijatoka kwenye puto, Kifutio kilimgeuza kila mtu kuwa kivuli cha rangi ya majivu, bila sura, bila nguo. Wanyama, miti na vyombo vilibaki vilivyo. Ili kivuli kifunguliwe zilihitajika alama mbili za kidole gumba, moja ya mtafiti na moja ya mwakilishi wa kijiji, na picha ikishafunguliwa ilikwenda moja kwa moja kwa askari wa wanyamapori, haiwezi kurudishwa. Kijiji kilipiga kura kumpa Tusekile kidole cha pili. Siku hiyo aliwaambia, "Jicho hili halikuletwa kuwatazama ninyi."

Sasa, saa tano na nusu asubuhi, Chumvi aliinamisha bawa la kushoto, na dunia yote ya darasa la sita ikaegama pamoja naye.

"Ameona kitu," alisema Festo.

Alikuwa ameona ng'ombe. Ng'ombe mwekundu amelala ubavu chini ya mgunga, tumbo limevimba, shingo imeraruliwa. Jicho la tumbusi lilimvuta karibu mpaka wakaona inzi. Na kando ya ng'ombe kulikuwa na kivuli kimoja cha rangi ya majivu, kimeinama. Kisu kilipasua paja. Chupa ya plastiki ilielea hewani, kama vile haikushikwa na mtu, ikainama juu ya nyama, ikamwaga kitu cheupe. Kivuli kikazunguka upande wa pili, kikapasua tena, kikamwaga tena. Kisha kikaondoka kwa haraka kuelekea mashariki.

Dkt. Mushobozi, aliyekuwa anasinzia kiti cha dereva, aliketi wima.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona."

"Ni sumu."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Tusekile alifunga mlango wa sauti wa darasani haraka. Miaka miwili nyuma, katika pori hilohilo, mzoga mmoja wa punda uliotegwa kwa ajili ya simba uliua tumbusi mia moja na kumi na wawili. Mushobozi aliwaokota mmoja mmoja. Simba hakufika kabisa.

"Wameshaanza kushuka," alisema, akionyesha kioo cha kompyuta kilichokuwa na nukta nyekundu za ndege wote wenye punje. "Mmoja akishuka, jirani yake anaona. Jirani wa jirani naye anaona. Baada ya dakika ishirini mbingu yote ya Isawila itakuwa kwenye ule mgunga. Na sisi tuko ng'ambo ya mto. Kuzunguka mpaka darajani ni saa moja na nusu. Askari nao hivyohivyo."

Akaweka kidole gumba chake kwenye kioo. Nusu ya duara ikawa ya kijani.

"Weka chako. Tukimjua ni nani, tunampigia simu, anarudi kuuondoa. Yeye ndiye mtu aliye karibu."

"Na askari?"

"Askari watapata picha papo hapo. Ndivyo mfumo ulivyo, unaujua."

"Watamfunga."

"Miaka mitano, labda saba." Mushobozi hakuondoa kidole. "Mwalimu, nina ndege mia mbili na zaidi angani. Wanataga yai moja tu kwa mwaka. Sina maneno mengine ya kukwambia."

Tusekile alikitazama kidole chake mwenyewe. Aliwapenda ndege wale. Alikuwa amewashika, amesikia mioyo yao ikipiga chini ya manyoya kama ngoma ndogo. Lakini aliuona pia ule mkutano, wazee na akina mama wakinyoosha mikono kumpigia kura, na alijua kwamba akiweka kidole leo, hakuna mzazi wa kijiji kile atakayemwamini tena mwalimu yeyote atakayekuja na kifaa chochote. Na wangekuwa na haki.

Taa ndogo ya manjano ikawaka pembeni mwa miwani yake. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenyoosha mkono akiomba kusema na mwalimu peke yake. Dawati la kumi na tisa. Wema Kihwele.

Wema alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana mpole ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuutumia ule mkono.

"Madam, wengine wananisikia?"

"Hawakusikii. Sema, Wema."

"Yule ng'ombe ni Nyangala. Ana pete nyeupe mguu wa nyuma. Mimi ndiye ninayemkamua. Simba alimuua usiku wa jana, na baba alisema anakwenda kumfukia."

Tusekile alifumba macho nyuma ya miwani.

"Wema, nisikilize vizuri. Hujataja jina la mtu, na mimi sijakuuliza jina. Umeniambia habari za ng'ombe tu. Umefanya vema. Sasa nitapiga simu nyumbani kwenu."

"Watamfunga?"

Angeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa tayari.

"Sijui," alisema. "Nakwambia kweli, sijui. Ninachojua ni kwamba bado tuna muda. Kaa hapo, na ukitaka kuvua miwani, vua."

Akakata, akamgeukia Mushobozi.

"Daktari, najua wa kumpigia."

"Umejuaje?"

"Naomba usiniulize."

Mushobozi alimgeukia. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mvi zimemwanza pembeni, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu.

"Asipopokea je?"

"Asipopokea nitaweka kidole."

"Nakupa dakika kumi. Mimi changu sikiondoi."

Simu iliita mara sita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Kwenye kioo nukta nyekundu zilikuwa zinasogeleana. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Shikamoo, Baba Wema. Ni Mwalimu Tusekile."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto ana tatizo?"

Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kutembea sana. Na hapo Tusekile aliona jinsi ingekuwa rahisi. Kumwambia ndiyo, mtoto ana tatizo, mtoto yuko ndani ya tumbusi, tumbusi akila ile nyama mtoto ataumia. Kihwele asingejua kwamba punje haipitishi maumivu. Angekimbia mbio.

"Mtoto hana tatizo," alisema. "Nakupigia kuhusu mzoga wa Nyangala."

Kuku alisikika akitetea mahali fulani nyuma yake.

"Mzoga gani?"

"Baba, jicho la tumbusi limeona kivuli. Kimebaki kivuli, sijakifungua. Ila tumbusi wanashuka, na wewe ndiye mtu pekee aliye karibu."

"Sikuwatega tumbusi." Sauti ya Kihwele ilibadilika. "Simba yule amenimalizia ng'ombe watatu tangu mvua zianze. Nimekwenda ofisini mara mbili. Wameandika, wameniambia nikasubiri. Nimesubiri, mwalimu. Nyangala alikuwa ndiye maziwa ya nyumba."

"Nakuelewa, na hilo la simba nitalisimamia pamoja na wewe. Lakini simba hatakuja mchana huu. Watakaokuja ni ndege, na darasa la sita zima linawaangalia."

"Linawaangalia sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na Wema?"

"Na Wema."

Tusekile alisikia pumzi ikiingia na kutoka. Alitaka kusema jambo jingine, la kumsukuma, akajizuia. Simu ikakatika. Hakujua kama imekatwa na mtu au na mtandao.

"Anasemaje?" aliuliza Mushobozi.

"Hajasema kitu."

Akafungua tena mlango wa sauti wa darasani.

"Watoto, kuna sumu kwenye ule mzoga. Tunaweza kuona jambo baya. Anayetaka kuvua miwani avue, hakuna atakayemcheka."

Wengine walivua. Alisikia madawati yakikwaruza sakafu.

"Madam, si uwaambie ndege waondoke?" Festo aliuliza.

"Siwezi. Punje haipeleki maneno, Festo."

"Kwa hiyo tunatazama tu."

"Kwa sasa tunatazama tu."

Chumvi alikuwa ametua juu ya mgunga. Chini yake tumbusi sita walikuwa ardhini, wakisogea kwa kurukaruka, mabawa nusu wazi, wakizomeana. Mmoja mkubwa aliufikia mzoga, akaingiza kichwa kwenye jeraha la paja, akavuta. Wengine wakasubiri zamu yao. Angani mabawa yalikuwa yanazidi. Chumvi akainama, akaitazama nyama, na wale watoto waliobaki na miwani walihisi kucha zake zikilegea kwenye tawi.

"Dakika tisa," alisema Mushobozi.

Tusekile akapeleka kidole karibu na kioo. Aliona jasho lake likiacha ukungu mdogo kwenye kile kioo. Tisa na nusu. Aliufikiria uso wa Wema, akajua kwamba atauona kila siku ya kazi mpaka mwisho wa mwaka, vyovyote itakavyokuwa.

Ndipo kivuli kikatokea upande wa mashariki, kikikimbia.

Kilikuwa kinakimbia vibaya, kwa kuchechemea, kikianguka kwenye miiba na kuinuka. Kilikuwa na panga mkono mmoja na shuka jekundu mkono wa pili, na hilo shuka kilikuwa kinalizungusha juu ya kichwa kama mtu anayefukuza nzige. Tumbusi wakaruka kwa fujo. Chumvi naye akaruka, na darasa likaona mgunga ukishuka chini yao, na kivuli kidogo katikati ya vumbi kikizunguka mzoga, kikirusha mawe, kikirudi, kikizunguka tena.

Darasa likalipuka. Walipiga madawati, walishangilia mpaka Tusekile akalazimika kupunguza sauti. Waliokuwa wamevua miwani wakavaa tena. Kivuli kilikata matawi makavu, kikayarundika juu ya Nyangala, kikaongeza mengine. Moshi ukatoka, mwembamba kwanza, halafu mzito na mweusi. Na katika mbingu yote ya Isawila tumbusi walianza kupanda, mzunguko mmoja juu ya mwingine, wakatawanyika.

Mushobozi aliondoa kidole chake kwenye kioo. Ile nusu ya kijani ikazimika.

"Leo nimezeeka," alisema, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Tusekile hakujua kama anacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akijaribu kuwaambia watoto waandike saa na idadi ya ndege kwenye madaftari yao.

*

Walimkuta Kihwele saa saba mchana, bado anaongeza kuni. Alikuwa mtu mwembamba, miguu imechanwa na miiba, viganja vimeungua. Pembeni, chini ya majani aliyoyakata, alikuwa amemlaza tumbusi mmoja.

"Huyu alikuwa ameshakula nilipofika," alisema. "Nimemfunika ili asiliwe na kitu kingine."

Mushobozi alipiga magoti, akamfunua ndege, akampima mabawa, akachukua unyoya mmoja. Kisha akambeba mwenyewe mpaka kwenye moto.

"Mzee," alisema akiwa amempa mgongo, "sasa nimekuona kwa macho yangu, si kwa punje. Hakuna kidole kinachohitajika."

"Najua." Kihwele aliichukua ile chupa ya plastiki kutoka kwenye mizizi ya mgunga, akamkabidhi. "Msiniletee askari nyumbani. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori. Naomba mwalimu anisindikize."

"Hakuna aliyekulazimisha," alisema Tusekile.

"Nikingoja kuja kuchukuliwa, mwalimu, mtoto ndiye atakayekaa na neno hilo moyoni. Anamjua Nyangala kwa miguu yake yote minne. Usidhani sikuelewa ulivyojua nani wa kumpigia."

Tusekile alichukua maji kwenye gari, akammiminia mikononi.

*

Kesho yake, Ijumaa, walikaa kwa afisa tangu saa mbili. Mushobozi alikuja pia, ingawa hakuitwa, na ndiye aliyezungumza kwa muda mrefu kuliko wote. Alieleza ni ndege wangapi wangekufa na wangapi walikufa. Alieleza pia kwamba malalamiko mawili kuhusu simba yalikuwa yameandikwa katika daftari la ofisi hiyohiyo, na hakuna mtu aliyeyafuatilia. Afisa, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, aliyatafuta akayakuta. Akafunga daftari.

Kwa kuwa Kihwele alikuja mwenyewe kabla ya kushtakiwa, na kwa kuwa moto aliuwasha yeye, sheria ilimruhusu afisa kumpa adhabu ya kazi. Miezi sita, siku tatu kwa wiki, pamoja na kikosi cha watafiti, kujenga mazizi ya waya yasiyopenyeka na simba. Zizi la kwanza litakuwa lake.

"Nenda nyumbani," afisa alisema. "Na safari nyingine ukiandikiwa ukaambiwa usubiri, njoo uketi hapa mlangoni kwangu mpaka nikuone."

Walifika shuleni wakati wa chakula. Watoto walikuwa darasani na bakuli zao za makande, wakibishana kuhusu jana. Tusekile aliwasikia kabla hajaingia. Festo alikuwa anaeleza kwamba kivuli cha pili kilikuwa na mbio kuliko cha kwanza, na kwamba kama wangekutana pale kwenye mzoga, kile cha pili kingekipiga cha kwanza. Wenzake walikubali. Hakuna aliyefikiri kwamba kulikuwa na kivuli kimoja tu. Kwenye dawati la kumi na tisa bakuli lilikuwa limejaa, halijaguswa.

"Hodi," alisema Kihwele mlangoni.

"Karibu," darasa likaitikia, likasimama. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni." Alisimama na mikono yake iliyofungwa bandeji, hajui aiweke wapi. Tusekile alimuuliza kwa macho kama ana hakika. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nimesikia mnazungumza habari za vivuli viwili," alisema. "Aliyewasha moto jana ni mimi. Na aliyemwaga sumu ni mimi. Mtu ni mmoja. Nilikosea, na mwalimu alinipigia simu, nikarudi. Nimetoka kwa afisa sasa hivi, nimepewa adhabu yangu, na nitalala nyumbani. Ndiyo hayo niliyotaka mjue kutoka kwangu."

Watoto wengine walimtazama yeye, wengine wakageuka kumtazama Wema.

Wema aliinuka bila kuomba ruhusa. Alipita katikati ya madawati akiwa amebeba bakuli lake la makande kwa mikono miwili, taratibu ili lisimwagike, akafika mbele ya baba yake. Akazitazama zile bandeji.

"Utashikaje kijiko?" akamuuliza.

"Sijui, mama."

"Basi kaa."

Mtoto wa dawati la mbele akasogea kumpa nafasi, kisha wa pili yake naye akasogea. Kihwele akakaa, magoti yamemfika kifuani kwenye benchi lile la watoto, na binti yake akaanza kumlisha. Kijiko kimoja chake, kijiko kimoja cha baba, mpaka bakuli likaisha.